Jeshi la Kuazima

Waliohudhuria kikao cha asubuhi katika Kituo cha Ngozi cha Isanzala walikuwa hawa: Daktari Mkuu Anyosisye Mwakatobe, mwenyekiti; Shamsa Kindole, muuguzi mkuu wa wodi; Bi. Flotea Kikoti, dada mkubwa wa mgonjwa Vitus Kikoti; na Gaudensia Mhagama, mwalimu wa chembe. Kwa upande wa mgonjwa wa pili, Zaituni Mgaya, hakuwapo mtu, kwa kuwa hakuna aliyeitwa.

Gaudensia aliliona pengo hilo kabla hajaketi. Kiti cha tano kilikuwa kimesukumwa ukutani, na mtu alikuwa ameegemeza hapo mwavuli uliokuwa bado ukidondosha maji. Alitamani kukirudisha mezani, maana alikuwa mtu wa kupenda kila kitu kikae mahali pake. Lakini siku hiyo hakujiona kuwa na haki ya kupanga chochote.

"Shamsa, tueleze hali ya Vitus," alisema Mwakatobe.

"Ngozi ya mgongo imetoka yote, Daktari. Sasa inatoka mapajani. Kila tulipomgeuza ilikuwa ikibaki kwenye shuka, kwa hiyo tumeachana na shuka. Tumeagiza majani mabichi ya mgomba kutoka bondeni, tumemlaza juu yake. Jani haligandi kwenye kidonda."

"Mashine zote hizi," alisema Flotea, "na mdogo wangu amelazwa juu ya jani kama kitoweo."

Flotea alikunja mikono juu ya meza, mikono mipana ya mkulima wa viazi, akamtazama kila mmoja kwa zamu.

"Chanzo nimeambiwa koridoni, kwa kunong'onezwa. Nataka nikisikie hapa."

Gaudensia alisimama. "Chanzo ni mimi, dada."

Ugonjwa wenyewe watu wa nyanda za Isanzala waliuita mchubuo. Ngozi ya binadamu ni kama ukuta wa matofali, na kati ya tofali na tofali upo udongo wa kushikizia. Kwa mwenye mchubuo, askari wa mwili, wale waliowekwa kuwinda vijidudu, hupotewa na akili wakaanza kuula udongo huo. Vidonda hutangulia mdomoni. Kisha hutokea malengelenge malegevu, ambayo ukiyasukuma kwa kidole hutambaa, na ngozi iliyodhaniwa kuwa nzima huteleza ikavuka. Atakaye uhakika hukata kipande kidogo kama punje ya dengu, akakitia rangi na kukitazama chini ya taa ya hadubini. Kama ni mchubuo, ataona wavu wa kijani unaong'aa, tundu kwa tundu, kama wavu wa banda la kuku. Gaudensia alikuwa ameuona wavu huo mara nyingi, na hata baada ya miaka yote hakuacha kuuona kuwa mzuri, jambo alilolionea haya.

Kwa vizazi vingi tiba ilikuwa kuwapiga askari wote marungu, wema na wabaya pamoja. Mgonjwa alivimba uso, mifupa ikawa kama mkate mkavu, na mafua ya kawaida yakamtosha kumwua. Kisha ikaja shule. Chembe changa, ambazo zikikomaa huwa askari hao, zilivunwa kutoka kwenye uboho wa mgonjwa, zikawekwa ndani ya chombo kilichoitwa darasa, na humo zikaonyeshwa ngozi ya mwenyewe hadi zikaikubali kuwa ndugu. Ngozi hiyo iliitwa pacha: ilioteshwa kwenye kisahani, ikatunzwa ndani ya kabati la joto, kila kisahani na tundu lake. Mashine iliyochukua visahani kwenda darasani haikusoma majina, kwa sababu mvuke ulikula kila lebo. Ilisoma nafasi. Ndiyo maana kanuni ya kwanza ya kabati, iliyobandikwa mlangoni kwa maandishi makubwa, ilisema kwamba kisahani hakihamishwi kwa mkono wa mtu. Kanuni hiyo ilitungwa na Gaudensia mwenyewe.

"Mimi ni Mngoni," alimwambia Flotea, "na ninyi ni Wahehe. Unajua mambo ya watani."

"Nayajua tangu hujazaliwa."

"Vitus alikuja kliniki akiwa bado anatembea. Aliniona nimejifunga kitenge, akasema ni chake, tangu lini mateka akavaa vizuri kuliko bwana wake. Akakichukua. Sikuweza kukataa."

"Hukuweza."

"Basi nikatafuta cha kulipizia. Alikuwa amesimama nje ya kioo cha kabati, anajisifu kwamba pacha wake anakaa tundu la juu, kama mtemi. Nikafungua, nikamshusha. Nikamwambia mateka hukaa chini. Tundu likiwa wazi kabati hupiga king'ora, kwa hiyo nikapandisha juu kisahani cha Zaituni. Tulicheka. Kisha wodi ikaniita, mgonjwa amezimia. Nikaondoka hivyo hivyo, nikasahau kuvirudisha."

Alikuwa ameyapanga maneno hayo kichwani tangu alfajiri, moja baada ya jingine, kama mtu apangaye vyombo katika nyumba inayoungua.

"Mashine ilianza somo jioni. Chembe za mdogo wako zilifundishwa kumpenda Zaituni. Tulipozirudisha mwilini mwake zikamwona yeye kuwa mgeni, na mgeni wanamla. Chembe zilizokwisha kukomaa hazifundishiki tena."

Flotea aliinamisha kichwa. Alipokiinua, hakumtazama Gaudensia bali Mwakatobe. "Na sasa?"

Daktari Mkuu alikuwa mtu mwembamba, mwenye desturi ya kuzungumza huku akinyoosha kidole kimoja mezani kana kwamba anafuata mstari. "Sasa tunayo njia moja. Zaituni alipata homa, kwa hiyo chembe zake hazijarudishwa. Bado zimo darasani. Na kwa makosa yale yale, zimefundishwa ngozi ya Vitus. Hakuna chembe nyingine duniani zinazomjua kama hizo. Tukilifuta jeshi lake na kumpandikizia hilo, atapona. Naona nafasi nane katika kumi."

"Jeshi la kuazima," alisema Shamsa polepole.

"Liite upendavyo."

"Na yule binti?" aliuliza Flotea.

"Uboho wake hautavunwa mara ya pili, umechoka. Tutamrudisha kwenye dawa za zamani. Ataishi mwaka mmoja. Pengine miwili."

"Upo uwezekano mwingine, Daktari," alisema Gaudensia. "Chembe zake ni changa hadi kesho. Visahani vimekwisha kurudishwa mahali pake, naweza kulifuta somo na kuzifundisha upya ngozi yake mwenyewe."

"Nafasi ngapi?"

"Nne katika kumi."

"Na Vitus wakati huo?"

Gaudensia alikitazama kiti kilichokuwa ukutani.

"Vitus anakufa," alisema Mwakatobe, "kwa hakika. Kisha Zaituni naye, yaelekea, anakufa. Kwa njia yako huenda tukachimba makaburi mawili. Kwa njia yangu tunaokoa mtu mmoja, na ndiye tuliyemdhuru. Hesabu haina kabila, Mwalimu, wala haina huruma. Ndiyo sababu naiamini. Darasa hufunguliwa kwa kiganja cha mwalimu wake, sivyo? Nakuomba ukaweke kiganja."

"Zaituni ameulizwa?"

"Kamwulize, kama itakupa amani."

"Nipeni hadi chai ya saa nne."

*

Zaituni Mgaya alikuwa msusi wa miaka kumi na tisa. Mchubuo ulimwanzia mdomoni, ukashuka kwenye vidole, hata nywele za wateja zikawa kama nyembe kwake. Kitanda chake kilikuwa dirishani. Nje ukungu ulikuwa umeimeza misonobari yote isipokuwa ile ya mbele.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Umeweza kunywa uji?"

"Vijiko viwili. Cha tatu kikanikatalia." Alitabasamu kwa upande mmoja wa mdomo, upande ambao haukuwa na kidonda. Kisha akauliza kama alivyouliza kila asubuhi tangu chembe zake ziingie darasani: "Wanafunzi wangu leo wamejifunza nini?"

Kila asubuhi Gaudensia alikuwa amempa jibu. Leo wametulia. Leo wameacha kuuma. Zaituni alikuwa amewazoea wanafunzi hao asiowaona, akiwasifu na kuwakaripia kama wadogo zake. Na kila asubuhi, bila mmoja wao kujua, habari zile zilikuwa habari za ngozi ya mtu mwingine.

Gaudensia alivuta kigoda, akaketi, akamweleza yote. Hakuficha kisahani, wala kicheko, wala hesabu ya Daktari Mkuu. Alieleza kwa utaratibu kama afundishaye, akisimama kila hatua kuona kama ameeleweka, na alijichukia kwa jinsi alivyoeleza vizuri.

Zaituni aligeukia dirisha. "Huyo mjomba anaumwa sana?"

"Sana."

"Ana watoto?"

"Hana. Ana dada yake, na msitu wa mianzi anamogema pombe ya ulanzi."

"Na wakubwa mmeonaje?"

"Nimekuja kukuuliza wewe. Chembe ni zako."

"Mimi nitasemaje, Mwalimu?" Alisema kwa upole, kama anayempisha mgeni kiti. "Kama wakubwa mmekaa mkaona apewe, apewe tu."

"Unaweza kukataa, Zaituni."

"Nikikataa mtanichukia?"

"Hapana."

"Atakufa kwa sababu yangu?"

"Atakufa kwa sababu yangu mimi."

"Hata hivyo. Siwezi kumwambia mtu mzima asiishi. Nyumbani hatukulelewa hivyo."

Mkono wake ulikuwa umeshika ukingo wa blanketi. Gaudensia aliona kwamba ulikuwa umeshika kwa nguvu mno. Ngozi ya kidole gumba ilikuwa imeteleza na kubaki kwenye sufi, nyembamba kama ganda la kitunguu. Zaituni hakulalamika. Alikificha kidole chini ya blanketi, akaomba radhi kwa kuchafua.

*

Chumba cha Vitus kilinuka mgomba mbichi na damu. Alilala kifudifudi juu ya majani, na mgongo wake ulikuwa mwekundu na wenye maji, kama udongo wa mfinyanzi kabla haujachomwa. Upande wa miguuni, mahali ambapo hakikuweza kumgusa, kilikuwa kimekunjwa kitenge cha njano chenye maua ya kahawia.

"Kamwene, mateka," alisema bila kugeuza shingo. Aliujua mwendo wake.

"Kamwene, mtani."

"Sauti gani hiyo? Mmekimbia tena vitani?"

Gaudensia alipiga magoti sakafuni ili uso wake ulingane na wa mgonjwa. Midomo ya Vitus ilikuwa imepasuka yote. Alimwangalia kwa jicho moja, la pili lilikuwa limevimba.

"Vitus, nisamehe."

"Aa! Usianze." Alipumua kwa taabu. "Wangoni bwana, hata kuiba hamjui. Babu zako waliiba ng'ombe, zizi zima. Wewe umeiba kisahani."

"Nisamehe, nakuomba."

"Nikusamehe nini? Mtani hasamehewi, kwa sababu hashtakiwi. Ukiniomba msamaha umeuvunja utani, umefanya kesi. Mimi nilicheka siku ile, nilicheka hadi kidonda kikatoka damu. Unataka nife kwa kesi? Afadhali nife kwa mzaha." Alitulia. "Kitenge sirudishi, lakini."

"Hakidaiwi."

"Vizuri. Umefundwa kidogo."

Kama Gaudensia angalimwacha hapo, angaliondoka na kitu cha kushika. Lakini hakuona haki ya kumficha, baada ya kutomficha yule mwingine. Alimweleza habari za jeshi lililokuwa darasani. Alipokuwa akieleza, aliona jicho lile moja likibadilika. Utani ulitoka ndani yake kama maji yanavyotoka kwenye mtungi uliopasuka, na kilichobaki kilikuwa mtu tu.

"Zipo?" alinong'ona Vitus. "Za kunitosha?"

"Zipo."

"Mbona basi uko hapa magotini? Kanipe."

"Ni za binti wa watu, Vitus. Ana miaka kumi na tisa. Ndiyo akiba yake yote."

"Usiniambie umri wake. Usiniambie jina." Alijaribu kuinua mkono, jani likapanda nao, likachanika. "Nataka kuishi. Mianzi itaanza kutoa mwezi ujao, vikonyo vya kugemea nimevikata mwenyewe kabla sijaja huku, nani atavitazama? Mimi si mtu mbaya. Ungeniuliza nikiwa mzima, ningekujibu vingine, ningesema apewe mtoto. Sasa ngozi yangu yote inalia. Usiniulize mambo ya haki mtu aliyechunwa."

"Sikuulizi haki. Nilikuja kukuambia tu."

"Basi nimeshasikia. Ngozi yangu uliishika wewe, kwa mkono wako. Irudishe." Chozi lilimtoka, likamwunguza lilipopita, akafumba jicho kwa maumivu. "Mtani, irudishe. Sasa sitanii."

Gaudensia alibaki magotini hadi pumzi za mgonjwa zilipotulia. Alitaka kuligusa bega lake, lakini hapakuwa na mahali pa kugusa.

*

Darasa lilikuwa chombo cha kioo chenye ukubwa wa mtungi mdogo, na ndani yake maji ya rangi ya chai ya maziwa yaligeuka polepole. Gaudensia alisimama mbele yake huku saa ya ukutani ikikaribia saa nne.

Alijaribu kuifuata hesabu ya Mwakatobe, naye alikuwa hodari wa hesabu. Kila alipoipitia ilitoka sahihi. Alijiambia kwamba Vitus anadai, na anadai kwa haki. Alijiambia kwamba Zaituni ameridhia. Hapo ndipo alipokwama kila mara. Katika miaka yake ya kufundisha watoto, kabla hajaanza kufundisha chembe, alikuwa amewauliza maelfu ya wanafunzi kama wameelewa, na maelfu walikuwa wamemwitikia ndiyo mwalimu, kwa pamoja, kwa wimbo, wakiwa hawajaelewa chochote. Aliijua ndiyo ile. Alikuwa ameisikia dirishani asubuhi hiyo.

Mtu akiisha kulelewa hivyo, kumwuliza ni kumnyang'anya kwa adabu.

Aliweka kiganja. Kioo kilimtambua, kikamwuliza analotaka. Alikuwa na uwezo wa kutaka mambo mawili tu, kufungua au kufuta, na moja kati ya hayo lingempa usingizi.

*

Chai ilikuwa imekwisha mezani na vikombe vimepoa. Wote walikuwa wamekaa walipokaa asubuhi. Gaudensia hakuketi. Alikwenda ukutani, akauondoa mwavuli, akakileta kiti cha tano mezani na kukiweka sawa na vingine, kitupu.

"Nimewauliza wote wawili," alisema. "Zaituni alisema apewe mjomba. Vitus alisema nipe."

Flotea alifumba macho kwa shukrani.

"Lakini Zaituni hakuwa na namna ya kusema vingine mbele yetu. Vitus anadai haki yake, ila anaidai kwangu, na ninachotakiwa kumlipa mimi sina. Kipo ndani ya mwili wa mtoto wa watu. Siwezi kuhamisha kisahani mara ya pili." Alimgeukia Mwakatobe. "Nimeweka kiganja, Daktari. Somo la kwanza nimelifuta. Sasa hivi chembe za Zaituni zimeanza kusoma ngozi ya Zaituni."

Shamsa aliweka mkono mdomoni. Kidole cha Mwakatobe kilisimama katikati ya mstari wake.

"Rudisha."

"Hairudi."

"Umemwua mtu, Gaudensia. Kwa nne katika kumi."

"Ndiyo," alisema. "Nilimwua siku tulipocheka. Leo nimekataa tu kumtuma mwingine akafe badala yake."

Mvua ilianza juu ya bati. Flotea hakulia. Aliinuka polepole, akajifunga upya khanga yake kiunoni, akaja hadi mbele ya Gaudensia, karibu kiasi cha kusikilizana pumzi.

"Msibani kwetu usije," alisema. "Watani wengine wapo. Watakuja Wangoni wenye haya, watatuchimbia kaburi, watatuchekesha. Wewe usije."

Ilikuwa adhabu kubwa kuliko zote ambazo Gaudensia alikuwa amezipanga kichwani, na hakuwa ameifikiria. Hata mwuaji, akiwa mtani, hazuiwi kaburini. Alitafuta mahali pa kuyaweka maneno hayo ndani yake, akakosa.

"Nimekusikia, dada," alisema. Kisha akawageukia wote, akanyoosha mgongo kama alivyozoea kusimama mbele ya darasa, ili kila mmoja asikie na asiwepo wa kusema baadaye kwamba hakuelezwa.

"Basi nawatangazia. Nakwenda kwa Vitus sasa, nimwambie mwenyewe. Asiambiwe na mtu mwingine. Akinifukuza nitakaa mlangoni. Nitabadilisha majani pamoja na Shamsa hadi mwisho. Msibani sitakuja. Na kitenge changu, dada, kisiachwe hapa kituoni. Alikichukua kihalali. Mzikeni nacho."